Mshahara wa 30,000 unapoisha tarehe 12: anza na peislipu, si sahani

Wiki hii msomaji mmoja wa Kaptembwa, hapa Nakuru, ameniandikia kwamba anapata 30,000 kwa mwezi, ikifika tarehe 12 anakopa kwa simu, na mambo ya mwaka ujao ameacha kabisa kuyapanga. Anauliza apunguze nini tena. Nyama ameacha, na kazini anaenda kwa miguu. Swali hilo linauma. Wafanyakazi wamehubiriwa kuhusu sahani mpaka sahani zimebaki tupu, ilhali karatasi ya mshahara na simu hakuna anayezigusa. Basi leo tuanzie huko.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri akupe taarifa ya malipo inayoonyesha kila kato. Ichukue, ushike na kalamu. Kwa 30,000, NSSF, mfuko wa uzeeni, ni asilimia 6, yaani 1,800. SHIF, bima ya afya, ni asilimia 2.75, yaani 825. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. Jumla ni 3,075. Tangu 27 Desemba 2024, makato haya matatu yanaondolewa kwanza, kabla ya PAYE, yaani ushuru wa mshahara, kupigiwa hesabu. Kwa hiyo ushuru unatozwa kwenye 26,925, si 30,000. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Zile 2,925 zilizobaki zinatozwa asilimia 25, ambayo ni 731.25. Sasa toa nafuu ya ushuru ya kila mwezi ya 2,400. PAYE yako ni 731.25, na mkononi unapaswa kupata 26,193.75.

Ukiona PAYE ya 1,050, hesabu imekosewa: anayeandaa mishahara ameondoa NSSF peke yake. Hapo unapoteza karibu 319 kila mwezi. Mwendee afisa wa mishahara na hesabu yako imeandikwa, bila ugomvi, na umwombe asahihishe. Asiposahihisha, chukua fomu yako ya P9 ya mwaka huo, ile inayoonyesha mshahara na ushuru wa mwaka mzima, jaza ritani kwenye iTax, tovuti ya ushuru, kabla ya 30 Juni ya mwaka unaofuata, na udai ulichotozwa zaidi. Wengi hutuma ritani ya sufuri, yaani ya kusema hawana mapato, ili wamalize upesi, na kwa kufanya hivyo wanafuta dai lao wenyewe.

Sheria hiyohiyo inasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa 30,000, ni lazima angalau 10,000 zibaki, hata kama una mkopo wa benki na wa sako. Kinga hiyo ni nzuri, ila ina tundu kubwa: mkopo wa simu hauko kwenye peislipu, wala wa shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani, hauko. Theluthi iliyolindwa na sheria inaliwa na simu siku ileile mshahara unapoingia.

Tuseme unakopa 6,000 kila mwezi kwa ada ya asilimia 7.5. Ada ni 450. Kwa mwaka umelipa 5,400, na deni bado ni lilelile. Kuacha ghafla hakufaulu, kwa sababu mwezi wa kwanza unabaki na pengo la 6,000 na unarudi kukopa kwingine kwa ada kubwa zaidi. Shuka ngazi kwa ngazi. Mei kopa 6,000, Juni 5,000, Julai 4,000, na kuendelea hivyo mpaka Oktoba ukope 1,000. Ada zote sita ni 1,575, na Novemba hukopi. Miezi miwili ya kwanza itauma kwelikweli, kwa sababu zile 1,000 unazipunguza kwenye matumizi na ada imeshuka kwa 75 tu. Ile 319 ya PAYE, kama ulikuwa unaipoteza, iingie hapa. Mpango huu mara nyingi huvunjwa na ule ujumbe wa simu kwamba kiwango chako cha kukopa kimeongezwa. Kiwango si pesa yako. Usikiguse.

Nimechagua Mei kwa makusudi, ili umalize Oktoba. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuvunwa Oktoba, na kuanzia Novemba hadi Januari bei huwa chini. Kufika Mei mpaka Julai maghala yamepungua, na bei hupanda. Mfanyakazi anayenunua unga kwa pakiti ya kilo 2 anakutana na bei ya juu kila mwaka, miezi ileile. Familia ya watu wanne inayopika ugali kila jioni hutumia kama gramu 600 hadi 700 kwa siku, karibu kilo 20 kwa mwezi. Gunia moja la kilo 90 la mahindi, ukilinunua Novemba na kulihifadhi, linaweza kuwavusha zaidi ya miezi minne ya bei ya juu. Kama gunia zima ni mzigo, changeni na jirani, lakini mnunue kwa mizani. Gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, lililobonyezwa kitako linakula haki yako kimyakimya.

Mahindi yasiyokauka vizuri ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Chukua chupa kavu ya glasi, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa vizuri, kisha acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana maji. Hata isiponata, yaanike siku mbili zaidi juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa sababu unyevu unaofaa kuhifadhia hauzidi asilimia 13.5 na chumvi haipimi kwa makini kiasi hicho. Yakishika kuvu, yatupe. Aflatoksini, sumu ya kuvu hiyo, haiondoki kwa kupikwa, na mwili wa mtoto hauistahimili.

Yahifadhi kwenye gunia lisilopitisha hewa, lile lenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Jaza mfuko wa ndani, kamua hewa, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha gunia la nje. Dumuzi waliomo watakosa hewa na kufa, kwa hiyo dawa ya unga haihitajiki. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, maana panya akitoboa plastiki kazi yote imeharibika. Usilifungue kila wiki. Siku ya kufungua, toa ya mwezi mzima uweke kwenye ndoo yenye kifuniko, ufunge tena. Posho mili peleka ya wiki mbili tu, kwa sababu unga usiokobolewa una mafuta ya kiini na huchacha upesi.

Neno fupi kuhusu stima. Nafuu ya bei ni kwa wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Pasi ya wati 1,000 ikivuta stima saa nzima bila kukatika inakula uniti moja. Kama ploti yenu inatumia mita moja, matumizi yenu yanajumlishwa na wote mnalipa bei ya juu, hata yule mwenye balbu moja. Kabla ya kuhamia nyumba, uliza kuhusu mita kabla ya kuuliza kuhusu vigae.

Turudi kwenye mahindi. Desemba hadi Aprili kula ya sokoni, bei bado inavumilika. Lile gunia la Novemba liache. Liandike kwa wino mzito tarehe uliyolifunga, na chini yake tarehe ya kulifungua. Msomaji wangu wa Kaptembwa, hiyo ya pili itakuwa Mei ya mwaka ujao.