Tungule zinaoza kitako

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Niko Jang'ombe, nimepanda mitungule (minyanya) uani katika ndoo sita za rangi. Imestawi kweli, majani yamejaa. Lakini tungule ikikaribia kuiva inafanya baka jeusi kitakoni, kisha linaingia ndani. Jirani kanambia ni ukungu, kanipa dawa. Nimepiga mara tatu, hali ni ile ile. Natoka asubuhi kwenda kazini, nikirudi magharibi ndipo nazimiminia maji mpaka yavuje chini. Mbolea natia ya kuku.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Dawa iwache. Baka likikaa kitakoni tu, pale palipokuwa ua, kavu na limebonyea kama ngozi, huo si ukungu na hauambukizi. Mimi mwenyewe huku Wete msimu mmoja niling'oa mitungule minane nikaichoma moto, nikidhani maradhi. Inaniuma mpaka leo, maana iliharibiwa na umwagiliaji wangu mwenyewe.

Tunda linataka kalsiamu, na kalsiamu hupanda kutoka mizizini pamoja na maji. Jua likiwa kali majani ndiyo yanayovuta maji kwa nguvu. Tunda hupata kidogo, na kitako huwa cha mwisho kufikiwa. Ndoo yako inakauka mchana kutwa, usiku inalowa chapachapa. Tungule inayokua haivumilii hayo.

Kwa hiyo mwagilia alfajiri kabla hujatoka, na tena jioni, kiasi. Tia kidole kwenye udongo: ukiwa na unyevu hadi kiungo cha pili, subiri. Tandaza juu makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au majani makavu, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Saa za jua kali weka kuti upande wa magharibi. Ndoo ya lita 20 ni ya mche mmoja. Kama umebana miwili, ndiyo maana inakauka upesi. Hakikisha ina matundu chini.

Na hiyo mbolea ya kuku, ikiwa mbichi, ndiyo inayokupa majani mengi hivyo, na majani mengi hunyang'anya tunda maji. Irundike, ilowanishe kidogo, uigeuzegeuze miezi miwili mitatu kwanza. Maganda ya mayai watu huyasifu sana, lakini huchukua muda mrefu kuoza. Tungule za sasa hazitayaonja.

Zilizokwisha kuingia baka hazitapona. Zichume, kata palipoharibika, upande mzima tia mchuzini. Angalia zitakazotunga baada ya maji kukaa sawa.

SWALI: Shangazi, mchicha wangu hapa Makunduchi unaungua ncha za majani. Nautilia maji ya kisima.

JIBU: Yaonje hayo maji, mwanangu. Visima vya maweni karibu na pwani huingia chumvi, na kiangazi huzidi. Kinga maji ya mvua kwenye mapipa wakati wa masika, na ya kisima uyatie chini kwenye udongo, usinyunyize juu ya majani. Udongo hapo kwenu ni haba juu ya jiwe, basi inua tuta kwa mawe pembeni, ulijaze samadi iliyooza na majani. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, iache ilioshe tuta kabla ya kusia mbegu mpya.