Zege la nyumbani: adui ni maji

Msomaji mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, ameleta ujumbe wiki hii. Amejaribu mara nne kupika chipsi mayai, yaani zege, kama zile alizokuwa akinunuliwa utotoni karibu na stesheni ya Tabora, na mara zote nne ameambulia kitu kile kile: chipsi zimelegea, mayai yamekauka pembeni, katikati panavuja majimaji, na ukiinua kipande kinakatika. Anauliza aongeze maziwa au unga wa ngano ili zege lishikane.

Dada yangu, usiongeze kitu. Zege la kibandani lilikuwa viazi, mayai, mafuta na chumvi, basi. Kilichokushinda ni maji. Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 79, na yai bila ganda ni maji kwa takriban asilimia 75. Kazi yote ya mkaanga chipsi, tangu anapochagua viazi mpaka anapogeuza kikaango, ni kuyatoa maji ya kiazi na kuyafunga maji ya yai yasitoke. Maziwa nayo ni maji, kwa hiyo ukiyamimina kwenye mayai unazidisha kile kile kinachokuharibia.

Tuanze sokoni, maana wengi hushindwa kabla hata ya kuwasha jiko. Watu wanne wanataka kilo 2 za viazi mviringo. Ukishamenya na kukaanga utabaki na chini ya kilo moja ya chipsi, kwa sababu maji yameondoka. Usishangae kuona karai lilikuwa limejaa na sahani hazijai. Viazi vipya, vile ambavyo ganda lake linatoka kwa kusugua na kidole, viache vya kuchemsha au vya mchuzi. Vina maji mengi na wanga kidogo, chipsi zake zinapendeza kwa dakika mbili halafu zinalala. Chukua vilivyokomaa, ganda limeshika, kizito mkononi. Kama muuzaji mwenyewe hajui alichonacho, pima nyumbani: kikombe kimoja cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji (tumia kikombe cha kahawa usimalize chumvi ya ndani), koroga mpaka iyeyuke, tumbukiza kiazi kizima. Kikizama kina wanga wa kutosha, kinafaa. Kikielea, pika mchuzi.

Halafu usiweke viazi kwenye friji. Baridi ya friji hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na sukari huungua kwenye mafuta kabla kiazi hakijaiva. Ndiyo zile chipsi za kahawia nje, mbichi ndani, zenye uchungu kwa mbali, na mpishi analaumu mafuta. Viazi vikae kwenye kikapu, gizani, penye hewa. Vilivyoota ukijani kwenye ganda vimekaa juani. Ule ukijani huambatana na sumu ya solanini, kwa hiyo kata kwa kina au tupa kabisa, hasa kama mlaji ni mtoto.

Kata unene wa sentimita moja kila upande. Usikisie, weka kipande cha kwanza kando kiwe kipimo cha vyote. Kipande cha sentimita moja na nusu kitabaki na moyo mgumu, na chembamba sana kitakauka kikiingia motoni mara ya pili, kisha kitatoboa mayai badala ya kushikana nayo. Loweka kwenye beseni la maji baridi nusu saa, ukibadilisha maji mara mbili au mpaka yaache kuwa meupe. Weupe ule ni wanga uliotoka kwenye sehemu zilizokatwa. Ukiuacha, chipsi hunatana karaini na kuungua madoa madoa. Kisha kausha. Hapa ndipo pa kutokuwa na haraka. Mwaga maji, tandaza viazi juu ya taulo safi, futa juu, kisha viache kwenye ungo dakika 10. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mafuta yanayofoka na kumwagika jikoni yamefoka kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo pia karai lisijae mafuta kupita nusu, na watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Maji usiyaguse.

Kuhusu mafuta yenyewe. Tabora tumepakana na Singida, na alizeti iliyokamuliwa kienyeji inapatikana kwa urahisi. Ni mafuta mazuri kwa mboga. Kwa chipsi hayafai, kwa sababu hayajasafishwa: yanaanza kufuka moshi mapema na kutoa povu linalopanda. Tafuta alizeti iliyosafishwa au mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale ya rangi ya dhahabu isiyokolea. Mawese mekundu ya Kigoma yana kazi yake kwenye maharage na kwenye samaki, lakini ukikaangia chipsi yatatawala ladha yote na utakuwa umepika chakula kingine. Na mafuta yaliyokaanga migebuka yasirudi kwenye viazi hata ukichuja mara tatu. Harufu haichujiki.

Weka lita moja na nusu kwenye karai pana. Mzigo mmoja usizidi gramu 400, yaani viganja vitatu hivi vilivyojaa. Ukimwaga vyote kwa pamoja, viazi baridi vinashusha joto la mafuta, maji hayatoki kwa kasi, na mafuta yanachukua nafasi yake ndani ya kiazi. Chipsi zinazoacha dimbwi la mafuta kwenye sahani zimekaangwa kwenye mafuta yasiyo na moto wa kutosha. Wengi hudhani ni kinyume chake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu wanakumbuka ladha ya zege lakini hawakumbuki kabati la kioo. Pale kibandani chipsi hazikutoka kwenye karai zikaenda moja kwa moja kwenye mayai. Zilimwagwa kabatini, zikakaa nusu saa, pengine saa nzima, mteja akija ndipo zikarudi motoni. Ule muda wa kabatini ni nusu ya mapishi. Chipsi ikipoa, maji yaliyobaki ndani husogea kuelekea juu, wanga uliolainika hujikaza, na moto wa pili hukuta maji yako karibu, unayatoa kwa dakika mbili. Ukikaanga mara moja tu na kumimina mayai hapo hapo, mvuke wote wa kiazi unaingia kwenye yai. Hayo ndiyo majimaji ya katikati ya kikaango unayoyalalamikia.

Kwa hiyo kaanga mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yawe kwenye nyuzijoto 150 hivi. Huna kipimajoto? Tumbukiza mpini mkavu wa mwiko wa mti: vipovu vidogo vikipanda taratibu kuuzunguka, umefika. Jaribu na kiazi kimoja, kitazama kisha kitapanda chenyewe baada ya sekunde kadhaa. Kaanga dakika sita hadi saba, ukigeuza kwa upole mara mbili tu. Toa zikiwa bado nyeupe kuelekea njano, laini ukizibana, lakini hazijavunjika. Zikibadilika rangi kuwa kahawia katika hatua hii, moto umezidi. Zitandaze kwenye ungo au kwenye waya, mstari mmoja. Usizirundike kwenye bakuli wala usizifunike, utarudisha maji uliyoyatoa kwa jasho. Nusu saa.

Kwa jiko la mkaa, mara ya kwanza acha mlango wa chini wazi nusu. Chipsi zikiwa zinapumzika ongeza mkaa na fungua mlango wote. Mara ya pili mafuta yafike nyuzijoto 180: mpini wa mwiko utachemka kwa vipovu vingi vya haraka, na chipsi ikiingia inaelea papo hapo ikipiga kelele. Dakika mbili, mbili na nusu kwa mzigo. Sikiliza kelele. Ikipungua ujue maji ya juu yamekwisha, toa. Tikisa chujio vizuri, nyunyiza chumvi zikiwa za moto, kwa sababu zikipoa chumvi haishiki.

Zege hupikwa sahani moja moja. Nasisitiza hili kwa sababu akina mama wengi hutaka kupika la watu wanne kwenye sufuria moja pana ili kuokoa gesi. Halitageuka, katikati litabaki bichi na chini litaungua. Chukua kikaango cha upana wa sentimita 20. Chipsi gramu 200 hadi 250, mayai matatu ya kisasa. Ya kienyeji ni madogo, weka manne. Vunja kwenye kikombe, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, piga kwa uma mara 20 hivi, ili ute na kiini vichanganyike bila kutoka povu. Ukipiga sana unaingiza hewa, zege linavimba kikaangoni na kusinyaa sahanini.

Kitunguu na hoho vinaruhusiwa, kijiko kimoja cha chakula kwa jumla, vimekatwa vidogo kabisa na kupitishwa kwenye mafuta dakika moja kabla. Kitunguu kibichi ndani ya yai hutoa maji yake pale pale yai linapoganda, na yai halishikani na kitu kilicholowa. Nyanya isiingie kabisa. Nyanya ni ya kachumbari.

Mafuta vijiko viwili vya chakula kwenye kikaango, moto wa wastani. Tandaza chipsi zilizotoka motoni, zijaze kikaango bila mwanya mkubwa, ngoja nusu dakika. Mimina mayai kwa kuzungusha, ukianzia pembeni kuja katikati. Kuchanganya chipsi na mayai kwenye bakuli ni kosa, kwa sababu chipsi hunywa yai na kulainika kabla ya kuona moto. Ukishamimina, usikoroge. Inua pembe moja kwa mwiko, inamisha kikaango, yai bichi lishuke chini. Zungusha, fanya hivyo pande nne. Baada ya dakika mbili juu patakuwa pamebaki unyevu kidogo tu. Funika kwa sahani bapa iliyo pana kuliko kikaango, shika kwa kitambaa, geuza kwa mkono mmoja bila kusita, kisha telezesha zege lirudi kikaangoni upande wa pili. Dakika moja inatosha. Yai likipita hapo hukaza kupita kiasi na kukamua maji yake lenyewe, na hapo tumerudi kwenye kesi ya dada wa Ipuli.

Likikatika wakati wa kugeuza, ama mayai yalikuwa machache kwa chipsi zile, ama uligeuza kabla chini hapajashika. Tikisa kikaango kwanza. Zege lote likitembea kama sahani, geuza.

Kachumbari ina maji pia, kwa hiyo itengeneze mwisho. Nyanya mbili ngumu, toa mbegu na ute wake. Kitunguu maji kimoja, kata duara nyembamba, sugua na kijiko cha chai cha chumvi, suuza, kamua kwa mkono. Kabichi kiganja kimoja iliyokatwa nyembamba sana, kama vibanda vingi vinavyofanya. Ndimu nusu. Chumvi weka mezani, kwa sababu ikikaa robo saa itavuta maji yote ya nyanya.

Wa ukwaju wachukue gramu 100, waloweke kwenye vikombe viwili vya maji ya moto dakika 20, wakamue na kuchuja, kisha wachemshe na pilipili moja nzima, kijiko cha chakula cha sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi mpaka ibaki nusu yake.

Mafuta yaliyobaki yapoe, yachuje kwa kitambaa, weka kwenye chupa mahali penye giza. Yatakubeba mara nne au tano. Yakianza kutoa povu lisilotulia, kunata vidoleni au kufuka moshi mapema kuliko zamani, yamekufa.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu wanaosema wamefuata kila kitu na bado ladha haijafika. Waulizeni zege walikuwa wanalila wapi. Wengi hatukulia zege kibandani. Lilibebwa nyumbani kwenye mfuko wa rambo uliofungwa fundo, na likifika mitaa ya Isevya au Cheyo lilikuwa limejifukiza kwa mvuke wake. Ulaini ule ndio wanaoutafuta. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na chakula cha moto hakikustahili kufungwa humo hata kabla ya hapo. Tumia sahani mbili: zege kwenye ya chini, ya juu iwe kifuniko, dakika tatu ukitazama saa. Matone yakianza kujikusanya chini ya sahani ya juu, funua, mwaga ukwaju, kachumbari pembeni, mle.