Kabla hujaandika "mayai yameonekana": kwa mnaoanza maabara

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara, hasa mliopangiwa vituo vya maeneo ya wafugaji, leo nawaandikia juu ya mnyoo bapa wa ini, Fasciola. Ng'ombe wetu wengi wanaye. Binadamu humpata kwa kutafuna mabichi majani yaotayo majini, au kwa kunywa maji yasiyochemshwa.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja, tumbo linamsumbua. Kwenye slaidi nikaona yai kubwa, rangi ya manjano iliyokolea, ganda jembamba. Nikabonyeza kioo cha juu taratibu kwa ncha ya sindano, kifuniko cha yai kikafunguka upande mmoja. Kichocho hakikuwa, yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni. Nikaandika majibu haraka. Kaka aliyekuwa akinifundisha akauliza, "Umemuuliza juzi alikula nini?" Sikuwa nimemuuliza. Mzee akajibu: maini ya kuchoma, mnadani.

Mayai yaliyomo kwenye maini ya ng'ombe mgonjwa hupita tu tumboni mwa mlaji na kutoka na choo, naye hana mnyoo hata mmoja. Tukamwomba aache maini wiki nzima, kisha alete choo siku 3 tofauti. Hatukuona yai tena, na daktari akaenda kutafuta kwingine chanzo cha maumivu yale.

Kuna na mgonjwa wa upande wa pili, huyu ndiye hunipa wasiwasi zaidi: homa, maumivu chini ya mbavu za kulia, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zimepanda kwenye picha ya damu, choo hakina kitu. Mnyoo mchanga hulitoboa ini na kukua kwa miezi 3 hadi 4 kabla ya kutaga. Msiishie kuandika "hakuna mayai". Zungumzeni na daktari, seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ipelekwe inakopimwa kingamwili.

Na msitegemee tone moja. Maji ya chumvi huelesha mayai mepesi. Yai la Fasciola ni zito, huzama. Korogeni choo kwenye maji, chujeni kwa chachi, acheni kitulie, mwageni maji ya juu, rudieni mpaka maji yatakate, ndipo msome mashapo. Inachosha, na foleni dirishani ni ndefu. Lakini mkiliita yai hili la kichocho, mgonjwa atapewa prazikwanteli, nayo haimwezi mnyoo huyu. Dawa yake ni triklabendazoli.