Unahamia Kisumu? Soma Hapa Kabla Hujalipa Kodi

Wiki jana msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia. Amepata kazi ya uuguzi Kisumu, anahama mwisho wa mwezi, na roho haijatulia. "Dada, wewe ulizoeaje?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini najua mko wengi mnaotoka Bonde la Ufa kushuka ziwani, basi nijibu hapa kwa kirefu.

Joto tulimalize haraka. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Tofauti hiyo utaisikia usiku wa kwanza ukilala chini ya bati lisilo na dari. Kwa hiyo tafuta nyumba yenye dari, na uende kuiona jioni, ufungue mfereji mwenyewe uone kama maji yanatoka. Ukipelekwa Nyalenda au Nyamasaria, angalia kuta kwa chini. Kama kuna mstari wa matope, mafuriko yalishapita hapo na yatarudi. Na usitoe pesa kabla ya kuonyeshwa mlango. Kuna ajenti alichukua ada yangu ya kuonyeshwa nyumba kisha akazima simu. Bado nakutana naye mjini, na hunisalimia kwa meno yote nje.

Chandarua ni lazima. Sisi wa nyanda za juu miili yetu haijaijua malaria, ikikupata inakulaza kabisa. Ukihisi homa, pima kwanza, usikimbilie dawa za dukani. Wewe muuguzi unayajua haya kuliko mimi.

Sasa tuje kwa watu, maana hapo ndipo wengi wanashindwa. Mamangu hakutaka nihamie huku. Yale ya 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, bado anayo kichwani. Ili kumtuliza nikajiunga na kikundi cha watu wa kwetu walioko hapa mjini. Tulikunywa chai, tukasema vibaya joto, tukasema vibaya wenyeji. Kisha nilipochelewesha mchango wa mwezi, nikaondolewa kwenye kikundi usiku usiku, bila hata kupigiwa simu. Watu wa kwetu hao! Iliniuma, na sitasema uongo, mpaka leo nikimwona mweka hazina wao sokoni nabadilisha njia.

Aliyenipokea ni mama mmoja wa samaki kule Dunga. Asubuhi mitumbwi ikifika, akina mama wanakuwa wamejipanga ufukweni na beseni zao, nami nilikuwa nikinyoosha kidole tu kama anayechagua viatu. Akanishika mkono, akanifunulisha shavu la ngege, yaani tilapia. "Tazama ndani. Ikiwa nyekundu, nunua. Ikiwa kahawia, mwachie mwenyewe." Akanibonyezesha ubavu: nyama ikirudi, samaki ni wa usiku huu, shimo likibaki, huyo amelala. Macho nayo yasiwe na ukungu. Aliyasema hayo yote huku akiparua, magamba yakinirukia mpaka kwenye nywele. Toka siku hiyo mimi ni Nyar Nakuru, binti wa Nakuru kwa Kijaluo, na nikichelewa ananiwekea wangu pembeni. Siku hizi wafanyakazi wenzangu, wenyeji kabisa, wananituma mimi niwachagulie. Mniache nijivune kidogo.

Lakini kilichonifungulia mlango kazini ni matanga. Mwenzetu alifiwa na babake. Mchango ulipopitishwa nikatoa, kama kila mtu. Ijumaa walipouliza nani anakwenda Siaya, nikainua mkono, sijui hata nivae nini. Boma lilikuwa limejaa, wasemaji wakifuatana mmoja baada ya mwingine mpaka jua likakolea, na mimi silielewi neno. Nikainuka nikaenda nyuma kwenye majiko, nikaomba kisu. Akina mama wakanitazama, wakanisogezea rundo la sukuma. Nilikata mpaka vidole vikawa kijani. Mmoja akanicheka kwamba nakata nene kama ya ng'ombe, akachukua kisu akanionyesha. Jumatatu yake, watu waliokuwa wakinisalimia kwa Kiingereza cha ofisini tu waliniita mezani pao mchana.

Kwa hiyo dada, wakikwambia Kisumu haikaliki, waulize wamewahi kumzika nani huku. Kila Ijumaa wako stejini na mabegi, wanakimbilia Nakuru, Jumatatu wanarudi na manung'uniko mapya. Utapendwaje na mji unaoukimbia kila wikendi? Kaa. Salimia watu kwa lugha yao hata kama ni "oyawore", habari ya asubuhi, peke yake. Toa mchango, na mwili uupeleke pia. Mabishano ya siasa ndani ya matatu waachie wenyewe. Wakikucheka, cheka nao. Nasema tena: kaa, hasa wikendi.

Uliniuliza pia ubebe nini. Mtungi wa gesi beba. Kitanda uza huko huko, maana soko la Kibuye kuna mafundi na utapata cha kukutosha. Nenda Jumapili, ndiyo siku yao kubwa, na upunguziwe bei bila haya. Godoro ukilipakia juu ya gari lifunge kwa nailoni. Mtapitia Kericho, na mvua ya Kericho haibishi hodi.