Kura yangu kwa mke wa nne

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza: "Ni ndoa gani ya kifalme iliyobadili historia kuliko nyingine zote?" Najua wengi watakimbilia Uingereza, kwa Henry wa Nane na wake zake sita. Mimi nakwenda Poland, kwa Jagiełło aliyeoa mara nne, na kura yangu naipa ndoa ya mwisho, ile waliyoicheka.

Ya kwanza ndiyo maarufu. Jagiełło alikuwa mtawala wa Lithuania, nchi iliyokuwa bado ya kipagani, alipopeleka posa kwa Jadwiga. Binti huyu alitawazwa Kraków, mji mkuu wa Poland wakati huo, mwaka 1384 akiwa na miaka kama 10, tena kwa cheo cha mfalme kamili. Tatizo, alikuwa na mchumba, Wilhelm wa Austria. Uchumba ulifungwa wangali watoto, na upande utakaouvunja ulitakiwa kulipa florini 200,000. Jagiełło akakubali kuzilipa kule Krewo, Agosti 1385, akaahidi pia kubatizwa na kuiunganisha nchi yake na taji la Poland. Nimehudhuria vikao vingi vya mahari, lakini posa inayokuja na nchi nzima sijaiona.

Inasimuliwa kwamba Jadwiga, aliyejazwa maneno kuwa Walithuania ni watu wa porini, alimtuma mtu wake akamchunguze bwana harusi. Jagiełło akaelewa, akamkaribisha mjumbe waoge pamoja, ajionee mwenyewe. Taarifa iliyorudi: ni mwanamume kama wengine. Februari 15, 1386 akabatizwa na kupewa jina Władysław, siku tatu baadaye akaoa, na Machi 4 akavikwa taji. Mwaka uliofuata mioto mitakatifu ya kipagani ya Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ikazimwa, watu wakabatizwa kwa makundi, kila kundi na jina lake moja.

Ni mambo makubwa, sikatai. Lakini Juni 1399 Jadwiga alijifungua binti, Julai akafa mtoto, na siku chache baadaye akafa mama. Mwenye nchi kwa damu alikuwa mke. Jagiełło alikuwa mkwe. Sasa mkwe kabaki ukweni, mke hayupo, mjukuu hayupo. Siku yoyote angeweza kuambiwa afungashe.

Ndiyo maana mwaka 1402 alimwoa Anna wa Cilli, mjukuu wa mfalme Kazimierz Mkuu, apate tena kamba ya kumfunga na nchi. Wakapata binti mmoja tu. Mwaka 1410 aliwavunja Wateutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani, pale Grunwald, ushindi wa kutajwa Ulaya nzima, na bado hakuwa na wa kumrithi. Anna akafa. Mwaka 1417 akamwoa Elżbieta Granowska, mjane mwenye watoto wake, na wakuu wa nchi wakamchukia waziwazi. Mama yake Elżbieta ndiye aliyemsimamia Jagiełło ubatizo, kwa hiyo kwa sheria ya kanisa walihesabika ndugu, ikabidi kibali kitafutwe. Kifua kikuu kikamwondoa baada ya miaka mitatu, bila mtoto.

Hapo ndipo anaingia Zofia wa Holszany. Msichana wa miaka kama 17, na bwana harusi kwa hesabu ya chini kabisa alikuwa anagusa 60. Walioana 1422. Watu wakacheka, hadi mwaka 1424 alipozaliwa mvulana. Akafuata wa pili, aliyekufa mdogo, na wa tatu, Kazimierz, mwishoni mwa 1427. Mwaka huohuo Zofia alizushiwa uzinzi, akaapa kuwa hana hatia, kesi ikaishia hapo.

Wavulana hawa hawakuwa na damu ya Jadwiga, na makabaila walilijua hilo vizuri. Kila walipoombwa kumtambua mrithi, walitaja bei. Mfalme alipositasita kuwathibitishia haki zao, mwaka 1426 kule Łęczyca waliutoa waraka wao wa kumtambua mtoto kuwa mrithi, wakaukatakata kwa panga mbele yake. Kufikia 1433 alikuwa ameshakubali kwamba kabaila hakamatwi bila hukumu ya mahakama. Tabia ya Poland kumchagua mfalme na kumwekea masharti ilipata nguvu kwenye mjadala wa watoto wa Zofia. Na kwa upande wa pili, kizazi cha Kazimierz kilitawala Poland, Lithuania, Bohemia na Hungary, na mfalme wake wa mwisho kwa upande wa wanaume alikufa 1572. Ndoa ya Jadwiga haikuacha hata mtoto mmoja hai.

Jagiełło alikufa Juni 1, 1434. Inasemekana alitoka usiku wa baridi kusikiliza ndege wanaoimba, akapata homa. Kabla ya kukata roho alivua pete aliyopewa na Jadwiga, akaagiza apelekewe askofu wa Kraków. Zofia, mama wa wafalme wawili, hakuachiwa pete hiyo.

Msomaji, Morogoro