Usichome sindano ya homoni kabla ya kupima

Kaka, shikamoo, na pole. Miaka 58, uchovu, hamu ya tendo la ndoa imekata, na muuza dawa hapo Moshi anakushawishi uchome testosteroni, yaani homoni ya kiume. Nimekuelewa, nami yalinikuta nikiwa na 54.

Usichome bado. Homoni hii huwa juu asubuhi, kisha hushuka. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya chai, siku mbili tofauti. Mimi nilipimwa saa 9 alasiri nikaambiwa iko chini. Niliporudia asubuhi ilikuwa sawa. Kumbe kilichonichosha ni sukari, kimashine kinasoma 14! Kwa hiyo pima sukari na presha, na mpelekee daktari dawa zote unazomeza, hata za mitishamba.

Ikithibitika iko chini kweli, muone daktari wa mfumo wa mkojo, hospitali ya KCMC hapo Moshi wapo. Kabla ya kukuanzishia akupime tezi dume na wingi wa damu, maana sindano huweza kuifanya damu iwe nzito. Kama bado unataka mtoto, mwambie mapema: homoni ya kuchomwa hupunguza mbegu. Na ukishaanza, kifua kikibana au mguu mmoja ukivimba, usingoje siku ya kliniki, kimbia hospitali.