Mtoto wa tumbili aliyeachwa na mama

Pole dada. Umeuliza umlishe nini mtoto wa tumbili uliyemwokota Kondele, Kisumu, baada ya mama yake kugongwa na gari. Kwanza joto, chakula baadaye. Mviringishie taulo aikumbatie. Porini hushikilia tumbo la mama mchana kutwa, na asipokuwa na cha kushika huhangaika mno. Akipata joto, mpe maziwa ya kopo ya watoto wachanga, kidogo kidogo, akiwa amelalia tumbo. Ukimlaza chali, maziwa huingia mapafuni. Wenye mafua wasimkaribie, maana humwambukiza.

Usimfuge, tafadhali. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumfuga bila kibali, tena anahitaji tumbili wenzake. Wapigie KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya, leo hii. Hata hifadhi ya Impala hapo Kisumu ni yao.